Kula na Kura: Kisa cha Chumba cha Habari Kilichocheka Upande Mmoja

Kabla ya kisa

Kisa hiki ni cha kituo kimoja cha redio nchini Kenya, wakati wa kampeni za uchaguzi wa 9 Agosti 2022. Mimi nilikuwa mhariri wa zamu. Jina la kituo, kaunti, wagombea na wenzangu nimeyaondoa, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili asijulikane mtu. Maneno mawili tu sikuyagusa, maana bila hayo hakuna kisa: kula na kura.

Huwa nawasimulia ripota wapya. Kila nikimaliza, swali la kwanza ni lile lile: nani aliwalipa? Hakuna aliyetulipa. Ingekuwa bahasha, ningeandika aya mbili na kumaliza.

Mazingira

Kituo chetu kinatangaza kwa Kiswahili. Wasikilizaji wetu ni wachuuzi, watu wa bodaboda, mafundi, akina mama wanaopika redio ikiwa dirishani. Chumba cha habari kilikuwa na watu saba, karibu wote tuliozaliwa nyumba zinazosema Kiswahili, na hilo tulijivunia kupita kiasi. Mtu akikosea ngeli ndani ya chumba kile, alikuwa akikumbushwa mpaka jioni.

Waliokuwa wakiwania ugavana kwa nguvu ni wawili. Mmoja nitamwita Bwana Soko, kwa kuwa mali yake ilitoka kwenye biashara na kampeni zake nyingi alizifanyia masokoni. Lugha aliyoinyonya kwa mama yake haina sauti ya r, hivyo palipo na r yeye huweka l. Kenya mambo haya vijana huyaita kushrabu, na wachekeshaji wa televisheni wamekula kwa kazi hiyo miaka na miaka. Wa pili nitamwita Bwana Methali. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama uzi wa fundi, na kila baada ya sentensi tatu alitupia methali. Tukipokea sauti yake, hatukuwa na kazi ya kuisafisha.

Wote wawili walinunua matangazo kwetu. Methali alinunua zaidi.

Yaliyotokea

Alhamisi moja ya katikati ya Juni, Bwana Soko alihutubia sokoni. Aliongea kwa dakika ishirini hivi kuhusu ushuru: kila mchuuzi hulipa kila siku, mitaro imeziba, choo kimoja kimefungwa kwa kufuli, pesa zinakwenda wapi? Alisema akichaguliwa, sehemu ya ushuru itabaki pale pale sokoni ili itengeneze mitaro na vyoo. Mwishoni akapaza sauti: "Nipeni kula zenu zote, nami nitawafanyia kazi!"

Ripota wetu alikuwa amechomeka waya wake kwenye mitambo ya spika, kwa hiyo sauti iliyotufikia kwa WhatsApp jioni ile ilikuwa safi kabisa. Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi aliisikiliza mara moja, akacheka mpaka akashika meza. Ijumaa saa moja asubuhi ikaenda hewani: "Nipeni kula zenu zote!" Ikafuatiwa na mlio wa mtu anayetafuna, kisha mtangazaji: "Jamani, huyu amesema ukweli wake mapema!" Simu zikafurika. Kufikia adhuhuri ilikuwa imekatwa ikawa promo, yaani tangazo fupi la kukinadi kipindi, na kufikia Jumamosi ilikuwa ikirushwa katikati ya nyimbo. Msomaji asiyeishi Kenya ajue kwamba "kula" katika siasa zetu ni kuiba mali ya umma. Kumbe kosa la matamshi likageuka kuwa shitaka la wizi, bila mtu yeyote kushtaki.

Ile hotuba ya ushuru hatukuitangaza. Sina hakika kama kuna aliyeisikiliza hadi mwisho pale chumbani. Mimi sikuisikiliza.

Jumamosi hiyo hiyo Bwana Methali alikuwa na mkutano wa hadhara uwanjani. Alifanya makosa mawili. La kwanza aliwaambia watu: "Tukutane debeni tarehe nane mwezi wa tisa, asubuhi na mapema." Uchaguzi ulikuwa tarehe tisa mwezi wa nane. Alirudia mara mbili, na mara zote mbili vibaya. La pili lilikuwa zito zaidi, na yeye alilisema kwa utulivu wa mtu anayejua: kila shule ya upili katika kaunti itapata walimu kumi wapya, na yeye mwenyewe ndiye atakayewaajiri.

Gavana haajiri walimu wa shule za upili. Hiyo ni kazi ya Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, na Katiba ya 2010 iko wazi. Katika elimu, Jedwali la Nne limeipa kaunti chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto wadogo. Masoko, kwa upande mwingine, ni ya kaunti kabisa. Maana yake, katika wiki ile, aliyekuwa akizungumzia kazi anayoiombea ni yule tuliyekuwa tukimcheka.

Sauti ya Methali niliihariri mimi mwenyewe, Jumamosi usiku. Kwenye skrini, maneno huonekana kama vilima. "Tarehe nane mwezi wa tisa" ilikuwa vilima viwili vifupi kati ya pumzi na pumzi. Nikaweka alama mwanzo, nikaweka alama mwisho, nikafuta. Nikarudia mahali pa pili. Nikasikiliza: "Tukutane debeni, asubuhi na mapema." Hakuna ambaye angejua. Kisha nikaandika kichwa cha habari: mgombea aahidi walimu kumi kila shule ya upili. Nikaenda kulala.

Jumanne mchana simu ya mezani ililia, nikaipokea. Alikuwa mama mmoja.

"Kijana wangu, ni wewe unayeweka ile sauti ya kula?"

"Si mimi, mama. Ni watangazaji."

"Mimi nauza mboga hapo sokoni. Siku ile nilikuwepo. Mimi pia nasema kula. Watoto wangu hunicheka, sawa, hao nimewazaa. Nyinyi mnanicheka mkiwa nani?"

Nikamwambia hatumcheki yeye. Akanyamaza kidogo, nikasikia mtu akiuliza bei ya sukuma wiki nyuma yake.

"Basi niambie. Siku ile nikipiga kula yangu, itahesabiwa?"

Maamuzi, na sababu tulizojipa

Jumatano tuliketi. Mtangazaji wa asubuhi alijitetea, na sitaki kumfanya mjinga, kwa kuwa hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema: "Kaka, sisi hatukumtia maneno mdomoni. Kasema mwenyewe. Na watu wanapenda." Yote kweli.

Fundi mitambo ndiye aliyebadilisha kikao. Alikuwa ameomba video ambayo ripota aliipiga kwa simu akiwa katikati ya watu. Akaicheza. Pale sokoni, Bwana Soko anaposema "nipeni kula", watu wanajibu kwa kishindo, "Tutakupa!" Hakuna anayecheka. Hakuna hata anayegeuka kumtazama mwenzake. Sauti ya watu imemmeza, na neno limepita kama maneno yote yapitavyo mtu akiongea na watu wake. Klipu yetu, iliyotoka kwenye waya, haikuwa na watu. Ilikuwa na mtu mmoja anayepiga kelele ndani ya ukimya akiomba kula.

Halafu tukafungua daftari la kila kinachorushwa hewani, tukaanza kuhesabu kwa vistari. Vya "kula" vilijaza ukurasa, vikamwagikia wa pili. Kosa la tarehe la Methali halikuwa na kistari hata kimoja, na ahadi ya walimu ilikuwa imesomwa katika taarifa zote za Jumapili kama habari njema. Hapo ndipo nilipowaeleza wenzangu kuhusu vilima viwili nilivyofuta. Mtu mmoja akasema, "Lakini ulifanya vizuri, mtu angepotea siku ya kura." Nilikuwa nimejiambia hivyo hivyo.

Tuliamua mambo manne. Kuisimamisha promo lilipita, ingawa meneja alinung'unika kuhusu wasikilizaji. Kutoa maelezo hewani lilipita. Kutangaza habari inayoeleza nani hasa huajiri walimu lilipita pia. La nne lilikuwa langu: tuwaambie wasikilizaji kwamba tulikata kosa la tarehe katika hotuba ya Methali. Hilo lilianguka. Wengine walisema tutaonekana tunalipiza kisasi kwa niaba ya Soko. Meneja alitaja matangazo ya Methali kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa jamaa. Sikung'ang'ania.

Matokeo

Maelezo yetu ya Alhamisi yalikuwa balaa. Niliandika aya fupi nikisema kituo kinajutia kukejeli matamshi ya mgombea. Mtayarishaji, akidhani anasaidia, aliweka klipu yenyewe mwanzo ili msikilizaji ajue tunazungumzia nini. Basi tukaomba radhi kwa kumcheka mtu huku tukimcheka mara ya mwisho, tena saa ya habari, saa ambayo hata wazee huwa wamewasha redio. Yule mama hakupiga tena simu.

Habari ya walimu ilitoka saa tatu usiku. Ilikuwa sahihi na ilikuwa kavu kama muhogo wa juzi. Nilisoma Jedwali la Nne kama vile nasoma risiti. Hata hivyo watu wa Methali waliisikia, na kesho yake wakapiga simu kuuliza kama tunataka kuendelea kufanya kazi pamoja. Matangazo yao hayakuondolewa, na habari ile haikurudiwa.

Lililoniuma zaidi lilikuwa kwa Bwana Soko mwenyewe. Wiki iliyofuata alianza kusimama kwenye neno lile, akilivuta: "Kurrra! Mnanisikia? Kurrra!" Watu walicheka naye, na hilo lingetosha. Lakini baada ya hapo hotuba zake zikaanza kuhamia Kiingereza, hata sokoni. Ripota wetu alisema mambo ya ushuru na mitaro aliyasema kwa Kiingereza chenye takwimu, na akina mama wakawa wanapanga nyanya. Kama ni klipu yetu iliyomsukuma huko au ni washauri wake, siwezi kuapa. Wala sitasema nani alishinda, kwa kuwa ningetaja mshindi msomaji angehesabu, na kura za kaunti nzima haziamuliwi na promo ya redio moja.

Uchambuzi

Vitu vitatu tulivyoviweka kapu moja

Mwanasiasa akisema vibaya jukwaani, huwa ni moja ya mambo matatu. Ulimi umeteleza, kama tarehe nane mwezi wa tisa. Au hajui, au anajua na anadanganya, kama gavana wa kuajiri walimu. Au amesema analoamini kwa namna inayochoma. Matamshi ya Bwana Soko hayamo hata katika hayo matatu. Lile halikuwa kosa la kusema, ni lafudhi. Sisi lafudhi tuliipa adhabu ya juu, tukaupa utelezi msamaha, na ujinga tukaupa kichwa cha habari.

Hatukuwa peke yetu mwaka ule kuchanganya. Februari 2022 William Ruto alisema Congo ina watu wapatao milioni 90 lakini haina ng'ombe. Juni 6, akizindua manifesto yake, Raila Odinga alisema mitumba inayoletwa nchini ni nguo zilizovaliwa na watu waliokufa. Kauli zote mbili hazikuwa ulimi kuteleza. Nyuma ya ya kwanza kulikuwa na hoja ya soko la maziwa, Congo ikiwa mlangoni mwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako ilikubaliwa Machi mwaka huo huo. Nyuma ya ya pili kulikuwa na hoja ya kufufua viwanda vya nguo na swali la haki kabisa kuhusu riziki ya wauza mitumba. Wakongomani walikasirika, wachuuzi wa soko la mitumba la Gikomba walikasirika, na walikuwa na sababu. Lakini mimi nikikumbuka habari tulizosoma wiki hizo mbili, nakumbuka ng'ombe na nakumbuka maiti. Maziwa na viwanda sivikumbuki.

Waya na umati

Fundi mitambo wetu hakuwa amesikia kisa cha Howard Dean, mwanasiasa wa Marekani aliyewania urais, nami nilimsimulia baadaye. Januari 2004, baada ya kushika nafasi ya tatu katika mchujo wa chama cha Democratic huko Iowa, Dean alihutubia wafuasi wake ukumbini, akataja majimbo moja baada ya jingine, akamalizia kwa ukelele. Maikrofoni aliyoishika ilichukua sauti yake na kuizima ya ukumbi. Waliokuwa ndani walisema kelele zilikuwa nyingi hata yeye hakusikika vizuri. Waliokuwa nyumbani walimwona mtu aliyepagawa. Runinga zikauchezesha ukelele ule mamia ya mara ndani ya siku chache, na baadaye baadhi ya wakubwa wa habari wakakiri wamezidisha.

Somo la mitambo hapa ni la moja kwa moja, na vyumba vyetu vya habari hulipuuza kwa sababu sauti safi ni fahari ya kazi. Sauti ya waya ni nzuri kwa kunukuu. Haifai kuonyesha jinsi neno lilivyopokewa. Anayetaka kusema "watu walishangaa" au "watu walicheka" ahakikishe amewasikia watu.

Kurudia ni kuhukumu

Oktoba 6, 1976, katika mdahalo na mpinzani wake Jimmy Carter huko San Francisco, Rais Gerald Ford wa Marekani alisema Ulaya ya Mashariki haikuwa chini ya mamlaka ya Wasovieti. Waliohojiwa usiku ule ule wengi hawakuona ajabu, na wengine walimpa Ford ushindi. Baada ya siku nzima ya vyombo vya habari kurudia kauli hiyo na kuieleza, majibu ya waliohojiwa yaligeuka kabisa. Ford alikuwa amekosea kweli, na kosa lake lilihusu jambo la maana, kwa hiyo siwalaumu walioirudia. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kuwa hukumu ya wasikilizaji inaweza kuletwa na marudio badala ya tukio. Promo ya redio ni marudio yasiyo na maelezo. Haina "alikuwa akisema nini kabla ya hapo". Na daftari letu lilionyesha kwamba promo haikupita meza ya habari hata mara moja. Meza ilijiona safi huku idara ya vipindi ikifanya kazi ya hukumu kwa sauti tuliyoileta sisi.

Mkasi

Tulipoanza kikao tulidhani kosa letu ni tulichorusha. Ukweli ni kwamba nusu kubwa ya upendeleo ilikuwa katika tulichokata, na mkasi ulikuwa wangu. Nilimsitiri Bwana Methali bila kumpenda na bila kulipwa. Nilimsitiri kwa kuwa aliongea kama baba yangu anavyoongea, na kosa likitoka katika Kiswahili kama kile halisikiki kama kosa, husikika kama uchovu. Kwa Bwana Soko, hata neno lililokuwa sahihi kimaana lilisikika kama kosa.

Sababu yangu ya kukata tarehe ilikuwa nzuri. Wapiga kura wasipotoshwe. Lakini kulikuwa na njia nyingine: iache, kisha msomaji wa habari aseme, "mgombea alikusudia tarehe 9 Agosti." Sekunde nne. Mpiga kura analindwa, na msikilizaji anajua kuwa huyu pia ni binadamu. Na kama nilikuwa na huruma ya kumfutia mmoja, yule mwingine ningemfutia vilevile. Sikupata hata wazo.

Sheria isingetunasa. Ibara ya 35 ya Katiba inampa mtu haki ya kutaka habari ya uongo au ya kupotosha inayomhusu irekebishwe au ifutwe, na klipu yetu haikuwa ya uongo. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki ya kuangaliwa wakati wa kampeni. Ni orodha gani ingeandika neno "kula"? Dharau ya kikabila ilipita mlangoni ikiwa imevaa kofia ya utani, tena ikapewa muziki.

Kilichosaidia, kwa kiasi

Tuliweka utaratibu mmoja: anayetaka kurusha kosa la mgombea lazima kwanza alete la mshindani wake la wiki hiyo hiyo, ayasikilize yote mawili pamoja na dakika mbili za kabla yake. Siyo lazima yote yaende hewani. Mara nyingi, ukiyasikia yakifuatana, hamu ya kurusha hupungua yenyewe. Utaratibu huo ulidumu hadi wiki ya mwisho ya Julai, ulipozidiwa na wingi wa mikutano. Daftari la kuandika kilichokatwa katika hotuba, na sababu, lilidumu zaidi. Ni safu moja tu pembeni mwa ukurasa, na mtu akijua ataandika jina lake pale, mkono huwa mzito kidogo.

Nilichopata kwenye kompyuta

Nilipoanza kufundisha kisa hiki, nilitaka ripota wapya wasikilize sauti zote mbili bila kuwaambia ni za nani. Nikamwomba fundi mitambo anitafutie. Ya Bwana Soko aliipata mara moja: nakala nne, moja ikiwa na mlio wa kutafuna, moja bila, moja ya sekunde sita, moja imeandikwa "KULA MPYA". Ya Bwana Methali alitafuta mchana kutwa. Iliyopo ni ile niliyoikata. Ile yenye tarehe nane mwezi wa tisa ilifutwa tulipokuwa tukisafisha nafasi kwenye diski, na simu ya ripota ilishaibiwa.

Kwa hiyo darasani huwachezea sauti ya kwanza, kisha ya pili nawasomea mwenyewe kutoka kwenye karatasi.